Mshika Mnyororo wa Sekenke Achagua Kitabu cha Aljebra

Jua halijapanda bado juu ya ukingo wa Sekenke, penye machimbo ya dhahabu, na Yeremia Msengi amekwisha piga magoti mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kando ya kitanda chake, kumshukuru Mungu kwa kumwamsha. Mara ya pili ni hapa, kwenye nyasi zenye umande, anatafuta kwa vidole kigingi kilichopigwa jana na kufukiwa na vumbi.

"Kipo," anasema, na kuinuka taratibu kama mtu anayeyahurumia magoti yake.

Anashika pete ya mnyororo wa kupimia. Mwenzake anauvuta upande wa pili, chini kwenye mawe. Bwana Mpimaji anainama nyuma ya darubini yake ya miguu mitatu na kupunga mkono: kushoto kidogo, kushoto tena, basi. Yeremia anasimamisha fimbo ya rangi nyekundu na nyeupe. Nzi anatua puani pake. Hatikisiki. Nzi anatembea mpaka kwenye kope. Hatikisiki.

"Fimbo ikicheza hapa upana wa ukucha, kule ng'ambo mstari umekwisha potea," anaeleza baadaye, akijifuta jasho. "Kazi yangu ni kusimama. Nimesimama miaka kumi na minne. Sasa nataka kujua wale wanaoandika wanaandika nini wakati mimi nimesimama."

Yeremia ni Mnyiramba, mtoto wa wakulima wa mtama wa upande wa Kinampanda. Utotoni alichunga. Herufi alizijua akiwa mtu mzima mwenye ndevu, katika darasa la ubatizo la misheni, akisoma benchi moja na watoto waliomcheka alipotamka. Hakuona haya. "Mwenye kiu hachagui amekaa na nani kisimani," anasema. Kusoma kukamfikisha kwenye Kiingereza kidogo na hesabu, na hesabu zikamtoa kwenye kusukuma mikokoteni ya mawe hadi kwenye mnyororo.

Mwaka huu jina lake limepelekwa kwa ajili ya mtihani wa msaidizi wa mpimaji, unaofanyika Dodoma. Mshahara wa msaidizi ni karibu mara mbili ya shilingi sitini anazopata sasa kwa mwezi. Lakini hawapokei mtu aliyefikisha miaka arobaini na mitano, na Yeremia ana arobaini na minne. Mlango huo utafunguliwa kwake mara moja tu.

Ndani ya mtihani huo kuna aljebra, yaani hesabu zinazotumia herufi mahali pa namba isiyojulikana. Na hapo ndipo habari ya vitabu inapoanzia.

Kila jioni, kazi ikiisha na watu wakishaoga, wanaume wachache hukutana katika chumba cha kanisa kilicho karibu na makambi ya wafanyakazi. Wapo Walutheri, Wakatoliki na Waislamu. Sala ya kufungua husemwa kwa ufupi ili kila mmoja aitikie kwa namna yake. Anayefundisha ni Mwalimu Kefa, kijana wa shule ya misheni, ambaye huwaamkia wanafunzi wake "shikamoo" mmoja mmoja kabla ya kuwaambia kwamba wamekosea.

Mwaka jana darasa hilo lilipata kitabu chake cha kwanza cha aljebra. Kilikuwa kimoja, na wao walikuwa kumi na mmoja. Wakakaa wakashauriana kama wazee wanavyoshauriana juu ya mifugo.

Watu wa Iramba na wa Singida hawaweki ng'ombe wote katika zizi moja. Mwenye kundi humpa rafiki wa kijiji cha mbali ng'ombe wawili, mwingine humpa watatu. Rafiki hunywa maziwa, na ndama hubaki kuwa wa mwenyewe. Ukija ugonjwa au wezi, mtu hafilisiki kwa usiku mmoja. Ni hekima iliyojaribiwa na baba zao, na babu zao kabla yao.

"Tukasema, kitabu ni mali," anasimulia Melkiori, seremala wa machimbo, Mnyaturu wa upande wa Ikungi. "Kikilala nyumba moja, nyumba ikiungua, elimu imeungua. Nikaleta kisu changu kile chembamba. Tukakata nyuzi, tukagawana sura kwa sura. Kila mtu ale maziwa ya sura yake, kisha aje awafundishe wenzake."

Sura ya tatu ikaenda nyumba ya Melkiori, ya saba ikaenda kwa Yeremia. Kurasa za mwisho, zenye majibu yote, zikamwangukia Urbano, mpishi wa kambi.

Urbano akawa mtu mkubwa. Watu walimwendea jikoni na ugoro, na mayai, na maneno matamu. "Shemeji Urbano, nambari kumi na mbili ni ngapi?" Naye alikuwa akipakua maharage na kujibu bila kugeuka, "Saba na nusu." Kwa nini saba na nusu, hakuna aliyejua, wala Urbano mwenyewe.

"Nilikuwa kama nabii," anasema Urbano, na tumbo lake linatikisika kwa kicheko. "Ila nabii asiyejua anatabiri nini!"

Yeremia aliikodolea macho sura ya saba kwa miezi miwili. Kila mstari ulisema, "kama tulivyokwisha ona," naye hakuwa ameona kitu. Alichotakiwa kuona kilikuwa katika sura ya tano, na sura ya tano ilikuwa imehamia Manyoni pamoja na fundi mmoja aliyepata kazi ya reli. Masika yalipokuja, darasa la watu kumi na mmoja likabaki na watu watano.

"Ng'ombe ukimtenga na mwenzake bado anatoa maziwa," anasema Yeremia. "Sura ya kitabu kile ni kama mguu wa ng'ombe. Ukiupeleka kijiji kingine, umepeleka nyama."

Hasara hiyo iliwauma wote, lakini Yeremia ilimtia hofu, maana siku zake za kujaribu zilikuwa zinahesabika. Basi Mwalimu Kefa alipoliandikia barua duka la vitabu la misheni, na lori likaleta vitabu vitatu ili darasa lichague kimoja na kurudisha viwili vikiwa safi, watu walimgeukia yeye. Lori lingerudi baada ya wiki tatu.

"Mzee Yeremia," alisema Mwalimu Kefa, "wewe ndiye mwenye mtihani. Chagua wewe."

"Mwalimu, mimi nitachaguaje kitu nisichokijua?"

"Hapo ndipo tatizo la wanafunzi wote lilipo," mwalimu alijibu. "Hata mimi kitabu changu nilichaguliwa na wengine."

Kitabu cha kwanza kilikuwa kinene, cheusi, kizito kama tofali. Ndicho Mwalimu Kefa alichosomea ualimu, naye alikishika kwa mikono miwili. Kilikuwa na kila kitu: namba moja iliyofichwa, mbili, tatu, hata jinsi ya kuzipanga namba katika safu, kwenda chini na kwenda kando, na kuzifanyia kazi zote kwa pamoja. Lakini sentensi ya kwanza ilianzia juu ya ukurasa na kuishia chini.

Cha pili kilikuwa chembamba, cha kijani, kilichoandikwa kwa ajili ya wafanya mitihani. Kila aina ya swali ilikuwa na kanuni yake ndani ya kisanduku: fanya hivi, kisha hivi, andika jibu. Urbano alikipenda mara moja. "Hiki kina majibu hata ya maswali ambayo hayajaulizwa," alisema.

Cha tatu kilikuwa chekundu, kikuukuu, kimekwisha pita mikononi mwa watu. Kilikwenda polepole. Na kiliishia kwenye namba mbili zilizofichwa, wakati mtihani wa Dodoma, kama mwalimu alivyojua, mara nyingi huuliza tatu.

Yeremia aliviweka vyote vitatu juu ya sanduku nyumbani kwake na kuomba. Anasema hakuomba Mungu amwonyeshe kitabu. "Niliomba anipe namna ya kuvijaribu. Ng'ombe hachaguliwi kwa pembe. Anakamuliwa."

Namna aliyopewa ilikuwa imekaa uani, inapepeta mtama. Ni mkewe, Raheli, mama wa watoto wanne, asomaye Maandiko vizuri kuliko mumewe lakini hajasoma aljebra hata siku moja. Nyumbani hawasemi Kiingereza, na Kiswahili husemwa mgeni akija. Yeremia aliamua hivi: atasoma ukurasa kwa Kiingereza, kisha atausimulia kwa Kinyiramba. Kama ukurasa una kitu ndani yake, kitavuka. Na kama Raheli akiuliza swali, ataangalia kama kitabu kinalijua swali hilo.

Alijaribu vyote kwa hesabu ya aina moja, akiivalisha nguo za nyumbani: makapu mawili na debe moja la mtama ni vibuyu ishirini, kapu moja na debe moja ni vibuyu kumi na vinne. Kapu linachukua vibuyu vingapi, na debe vingapi?

Alianza na kitabu cheusi. Alisoma, akafumba macho, akafungua kinywa, akakifunga.

"Baba Simoni, unaumwa?" Raheli aliuliza.

"Nasubiri sentensi iishe."

Siku ya pili alileta cha kijani. Hicho kilivuka haraka. "Kinasema uandike mstari wa pili chini ya wa kwanza, uutoe. Makapu mawili toa moja, linabaki moja. Debe kwa debe, hakuna. Ishirini toa kumi na nne, sita. Kapu ni vibuyu sita."

Raheli aliacha kupepeta. "Na debe ni vinane."

"Umejuaje?"

"Si umesema kapu na debe ni kumi na vinne? Lakini niambie, kwa nini unaruhusiwa kutoa mzigo mmoja ndani ya mwingine? Hiyo mizigo ni ya siku mbili tofauti. Mimi nikichukua deni la jirani nikalitoa kwenye la kwako, utanyamaza?"

Yeremia aligeuza ukurasa. Kulikuwa na kisanduku kingine. Akageuza tena. Kisanduku. "Hakisemi," alikiri.

"Basi kimekufundisha kutii," alisema Raheli, na ungo ukaanza tena.

Zamu ya kitabu chekundu ilipofika, alisoma kurasa nne kabla ya kufikia hesabu yenyewe. Raheli alilalamika kwamba hadithi inachelewa kama mchungaji mwenye mahubiri marefu. Kisha wakafika mahali penye picha ya mizani. Upande huu na upande huu uko sawa, kilisema kitabu. Ukiondoa kitu kizito upande mmoja, ondoa chenye uzito ule ule upande wa pili, na mizani haitalala. Kumi na vinne, na kapu pamoja na debe, ni uzito mmoja wenye majina mawili. Ndiyo maana unaweza kuondoa jina huku na namba kule.

Raheli aliuweka ungo chini. "Ala! Kumbe deni si la jirani. Ni lile lile."

Kisha akauliza swali jingine: je, kama siku ya pili mtu amepima tu nusu ya kila kitu cha siku ya kwanza? Kapu moja na nusu debe, vibuyu kumi? Yeremia aligeuza ukurasa, na pale juu kabisa kitabu kilikuwa kimeandika kwamba msomaji makini sasa atauliza kama mistari yote miwili lazima ilete habari mpya. Kwamba ukisema neno moja mara mbili, hujasema maneno mawili.

"Nilisikia nywele zinasimama," anasema Yeremia. "Kitabu kilimjua mke wangu."

Lakini kukijua kitabu kizuri ni jambo moja, na kukichagua ni jingine. Usiku ule na siku zilizofuata alihangaika. Cha kijani kingeweza kumfikisha kwenye namba tatu kabla ya mtihani. Chekundu kingemfikisha polepole, na kingemwacha njiani, hatua moja kabla ya mwisho.

Jioni ya kuamua, chumba kilikuwa na makelele kama mnada.

"Chukua cha kijani, ufaulu, ndipo uje ujue sababu!" Urbano alisema. "Mtu hula kwanza, mapishi atauliza baadaye. Na hilo nakwambia mimi mpishi."

"Na sisi tusio na mtihani?" Melkiori aliuliza. "Tutakariri visanduku mpaka lini?"

Mwalimu Kefa alikitetea kitabu chake cheusi, akasema ni aibu kurudisha kitabu chenye kila kitu. Yeremia alimjibu kwa adabu, "Mwalimu, ghala lina kila kitu. Lakini mtoto mchanga humpeleki ghalani, unampeleka kwa mama yake. Tukishaota meno, tutakiomba tena."

Kisha alisimama. Wenzake wanasema alizungumza polepole, akitazama mikono yake.

"Kule chini, watu wanachimba kutoka pande mbili ili wakutane. Mwenye hesabu ndiye anayewaambia waelekee wapi. Nikifaulu kwa kisanduku, nitakwenda na kisanduku changu mpaka siku jiwe litakapokuja na swali lisilo na kisanduku. Siku hiyo kuna watu mbele yangu gizani, na wamenitegemea. Siwezi kumwomba Mungu anisaidie kufaulu kitu ambacho baadaye nitamwomba anifichie. Nachukua chekundu. Nikishindwa, nimeshindwa mimi."

Lori liliondoka na cheusi na cha kijani. Chekundu kilibaki, na safari hii hakuna aliyeleta kisu. Kinakaa mezani katika chumba cha kanisa. Mmoja husoma kwa sauti, mwingine hutafsiri, na hakuna kugeuza ukurasa mpaka aliye nyuma kuliko wote aseme ameona. Mara nyingi aliye nyuma ni Urbano, na wote wanakubali kwamba maswali yake ndiyo yamewafundisha. Waliokuwa watano sasa ni tisa. Raheli naye huja, hukaa karibu na mlango na kazi yake ya kusuka vikapu, na huingilia apendavyo.

Wiki mbili kabla ya mtihani walifika mwisho wa kitabu. Namba mbili zilizofichwa walikuwa wanazitoa mafichoni kama kuku wa nyumbani. Namba tatu hawakuwa wamezigusa.

Mwalimu Kefa aliandika ubaoni swali la mtihani uliopita: mistari mitatu, herufi tatu. Akaweka chaki chini na kukaa.

Jumapili baada ya ibada Yeremia alitwaa ubao wa mtoto wake akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Alitoa mstari wa kwanza katika wa pili, herufi moja ikaondoka. Alitoa wa pili katika wa tatu, herufi nyingine ikaondoka. Lakini bado zote tatu zilikuwa zinamtazama, maana aliyemfukuza mlango huu alikuwa ameingia kwa mlango ule. Alifuta, akajaribu tena, akafuta.

"Nikajiuliza, nimekosa nini? Nilikuwa nafukuza watu tofauti," anasema. "Nikachagua mmoja tu. Nikamtoa kwenye jozi ya kwanza, nikamtoa yeye yule kwenye jozi ya pili. Wakabaki wawili, na hao nawafahamu mpaka ukoo wao."

Hakukuwa na kurasa za majibu za kumpa moyo. Alichukua namba zake tatu akazirudisha katika mistari yote, mmoja baada ya mwingine, aone kama mizani italala. Haikulala. Akaenda kumwamsha Mwalimu Kefa aliyekuwa amejipumzisha. Mwalimu alitazama ubao kwa muda mrefu, akaupitia tena kutoka chini kwenda juu.

"Mzee, hii nani kakufundisha?"

"Hakuna. Ndicho kilichofuata."

Leo asubuhi lori la kwenda Manyoni linapakia magunia, na kutoka Manyoni Yeremia atapanda treni mpaka Dodoma. Amevaa koti la kuazima lililo fupi mikononi. Ndani ya mfuko wa kitambaa ana kalamu, rula, viazi vya kuchemsha na Agano Jipya. Darasa zima limekuja. Melkiori anakaza kamba za mizigo ingawa si kazi yake. Urbano anampa ushauri wa kula kidogo ili asisinzie.

Anaulizwa kama anaogopa. "Sana," anajibu bila kusita. "Hesabu ya namba tatu nimeitoa mara nne tu tangu Jumapili ile. Wenzangu huko Dodoma wameitoa mara mia. Mimi nitakuwa natembea wakati wao wanakimbia. Muda unaweza kuniishia."

Anapanda juu ya magunia. Raheli anasimama chini, ameshika ubao wa lori.

"Baba Simoni, na wakisema hapana?"

"Nitarudi kwenye mnyororo. Na jioni tutaanza sura ya namba tatu. Kitabu hakina, basi nitaiandika mimi, tuishonee nyuma."

"Na wakisema ndiyo?"

"Tutaanza sura hiyo hiyo, Mama Simoni. Wao waamue mshahara. Sura tumeshaiamua sisi."

Dereva anawasha injini. Lori linajivuta, vumbi linainuka, watu wanarudi nyuma wakipunga mikono. Yeremia Msengi anajishika kwenye kamba, anainama kuelekea kwa mkewe, na kupaza sauti juu ya mngurumo:

"Lakini wewe omba waseme ndiyo!"